Tiketi ya vichekesho: ipi itapata mnunuzi wa pili, ipi itakufia mkononi

Anayenunua tiketi ya shoo ya vichekesho miezi kadhaa kabla ya siku yenyewe ananunua vitu viwili kwa mpigo: usiku wa kucheka, na uwezo wa kumwachia mtu mwingine kiti chake mambo yakibadilika. Hicho cha pili wengi hukikumbuka pale safari ya kikazi inapoangukia tarehe ileile, au mtoto anapougua, au rafiki waliyepanga kwenda naye anapojitoa. Hapo ndipo inapoonekana kwamba tiketi mbili za bei moja zinaweza zisifanane hata kidogo. Moja inachukuliwa jioni ileile uliyoitangaza. Nyingine inakaa mtandaoni, bei inashuka kila siku, mpaka mchekeshaji anapanda jukwaani na kiti bado kitupu.

Nazilinganisha hapa ili mtu ajue anachokichagua kabla hajalipa. Ninaowafikiria zaidi ni wale wanaotaka tu pesa yao irudi wakishindwa kwenda. Anayewaza biashara naye atapata hesabu yake humu, ila namwambia mapema: kwenye vichekesho hesabu hiyo ni ngumu kuliko kwenye muziki, na sababu yake ndiyo jambo la kwanza la kuelewa.

Kuisha kwa tiketi si ushahidi wa uhaba

Bendi kubwa inasafiri na malori ya vyombo, mafundi wa taa na jukwaa la kujengwa upya kila jiji. Mchekeshaji anahitaji kipaza sauti, kigoda na glasi ya maji. Kwa hiyo shoo ya saa moja jioni ikijaa, mwandaaji anaweza kufungua nyingine ya saa tatu na nusu usiku, ukumbi uleule, viti vilevile, bila gharama kubwa ya ziada. Tiketi yako uliyoiona ni dhahabu asubuhi inaweza kupata mapacha elfu mbili kabla ya jua kuzama.

Mfano ulio wazi ni wa kundi la Monty Python la Uingereza. Novemba 2013 waliweka sokoni shoo moja ya kurudi jukwaani katika ukumbi wa O2 jijini London, ya Julai 2014. Iliisha ndani ya sekunde 43.5. Papo hapo wakaongeza nyingine nne, na hadi mwisho zikafika 10. Aliyekimbilia tiketi ya usiku wa kwanza akidhani ndiyo pekee itakayokuwepo alijikuta anashindana na viti vya usiku tisa mwingine. Mchekeshaji Mwingereza Peter Kay naye, alipotangaza mwaka 2022 ziara yake ya kwanza baada ya miaka 12, tovuti za kuuzia tiketi zilielemewa na watu, na jibu lake likawa kuongeza tarehe: alifika kufanya shoo za kila mwezi O2, na ziara ikaendelea kwa miaka.

Kuna sababu nyingine ambayo watu huisahau. Shabiki wa muziki anaweza kwenda usiku wa Ijumaa na wa Jumamosi pia, kwa sababu wimbo anaoupenda anataka kuusikia tena na tena. Kichekesho hakiko hivyo. Ukishajua mwisho wake, nguvu yake imepungua, na mchekeshaji aliye ziarani anarudia mtiririko uleule karibu neno kwa neno kila usiku. Kila mtu jijini ananunua mara moja tu. Usiku wa pili ukiongezwa, wanunuzi walewale wanagawanywa kwenye viti maradufu.

Kwa hiyo usiulize kama tiketi zimeisha. Uliza kama kuna nafasi ya shoo nyingine. Fungua kalenda ya ukumbi uone jana yake na kesho yake kuna nini. Kama pamejaa matamasha mengine, usiku wako hauwezi kuzaa ndugu. Fungua ratiba ya ziara: kama kesho yake msanii yuko jiji jingine, ni dalili nzuri. Kama ratiba ina siku mbili tupu mara tu baada ya tarehe yako, zihesabu kama shoo zilizofichwa.

Uwanja mkubwa au ukumbi wa kati

Huu ndio ulinganisho ambao wengi wanaukabili, na ndio ambao watu hukosea zaidi kwa kuvutwa na jina.

Vichekesho sasa vinajaza viwanja. Agosti 2015 mchekeshaji wa Marekani Kevin Hart aliujaza uwanja wa mpira wa Philadelphia kwa watu takribani 53,000. Jina la namna hiyo linamfanya mtu aamini tiketi haiwezi kukosa mnunuzi. Tatizo ni kwamba tiketi 53,000 ni tiketi 53,000. Hata sehemu ndogo tu ya waliozinunua ikiamua kuuza, soko linafurika, na wewe wa ngazi ya juu kabisa, unayemwona msanii kwenye skrini, unakuwa wa mwisho kufikiriwa. Zaidi ya hapo, kwa shoo za ukubwa huo muuzaji wa kwanza mara nyingi anatumia bei zinazopanda na kushuka kufuata wingi wa wateja, au anatenga viti bora na kuviuza ghali tangu mwanzo. Ile faida ambayo zamani ilimwendea mlanguzi, mwandaaji ameshaichukua mwenyewe. Ukilipa bei iliyokwisha kupandishwa, huna tena nafasi ya juu. Nafasi iliyobaki ni ya chini.

Ukumbi wa kati, wenye viti kama 1,500 hadi 3,500, una tabia tofauti. Uso wa mchekeshaji unaonekana bila skrini. Anapopunguza sauti, unamsikia. Kimya kifupi kabla ya neno la mwisho, ambacho ndicho chenye kazi kubwa kwenye kichekesho, kinafika mpaka ukutani. Wapenzi wa kweli wa sanaa hii wanalijua hilo na wako tayari kulilipia. Bei ya kwanza huwa ya chini, viti vibaya ni vichache, na wauzaji wenzako si wengi. Kama msanii ni mkubwa kuliko ukumbi, yaani angeweza kujaza uwanja lakini amechagua ukumbi wa kati, hiyo ndiyo tiketi yenye nguvu kuliko zote ninazozifahamu. Mchekeshaji wa Marekani Dave Chappelle alifanya jambo la karibu na hilo Agosti 2017 katika Radio City Music Hall, New York, ukumbi wa viti kama 6,000, akiwa na wageni wa muziki na vichekesho waliobadilika usiku hadi usiku. Kwa ukubwa ule si ukumbi mdogo, na shoo zilifika 16, lakini kila usiku ulikuwa na sura yake, na hilo linarudisha kile ambacho vichekesho hukosa kwa kawaida: sababu ya kwenda mara ya pili.

Nikiambiwa nichague kati ya kiti cha kati uwanjani na kiti cha kati ukumbini kwa msanii yuleyule, nachukua ukumbi bila kusita, hata kama tiketi yake ni ghali kidogo.

Hesabu yenyewe

Tuseme tiketi ya uwanja ni 100, na ada ya muuzaji ni 25. Umetoa 125. Unaiuza 160 na unajisikia umepata. Tovuti ya kuuzia tena inakata, tuseme, asilimia 15, ambayo ni 24. Unabaki na 136. Faida yako ni 11 kwa pesa 125 iliyolala miezi minne.

Tiketi ya ukumbi wa kati ni 60, ada 10. Umetoa 70. Unaiuza 100, inakatwa 15, unabaki na 85. Faida ni 15 kwa mtaji mdogo. Na mambo yakienda vibaya ukalazimika kuuza zote mbili kwa nusu ya bei ya awali, baada ya makato yaleyale ya uwanja inakurudishia 42.50 na ya ukumbi 25.50. Hasara ni 82.50 upande mmoja, 44.50 upande mwingine. Mtu anayetazama bei ya juu peke yake haoni umbali huo.

Makato hutofautiana kati ya tovuti na tovuti, kwa hiyo weka tarakimu zako mwenyewe, lakini usiruke hatua. Na usichukue bei unayoiona imetangazwa ukaiita bei ya soko. Hayo ni matumaini ya wauzaji. Tiketi zilizotangazwa kwa mara tatu ya bei zinaweza zisiuzwe hata moja. Kinachosema ukweli ni idadi: andika leo kuna tiketi ngapi za kuuzwa tena kwa shoo yako, rudi baada ya wiki, hesabu tena. Zikipungua huku bei ya chini kabisa ikisimama palepale au ikipanda, kuna wanunuzi. Zikiongezeka, wenzako wanatafuta mlango wa kutokea.

Klabu, tamasha, na usiku wa kurekodi

Klabu ndogo ya vichekesho nitaimaliza haraka: usiihesabu kabisa. Kwenye klabu nyingi unachonunua ni nafasi iliyoandikwa kwa jina lako, na ukifika unatakiwa kuagiza kiasi fulani cha vinywaji au chakula. Comedy Cellar ya New York ni maarufu kwa wasanii wakubwa wanaoingia bila kutangazwa na kupanda jukwaani kwa dakika chache. Ni raha isiyo na mfano kwa aliyekuwepo, lakini kitu kisichotangazwa hakiwezi kuuzwa. Nenda klabu kwa ajili ya kucheka.

Tamasha ni habari ndefu kidogo. Kule Edinburgh, Scotland, kila Agosti, maelfu ya shoo hufanyika katika vyumba vya kila ukubwa. Nyingi ni za bure, kofia inapitishwa mwishoni. Nyingine zinauzwa nusu bei siku hiyohiyo. Katika wingi huo tiketi ya kawaida haina thamani ya kuuza tena, kwa sababu mnunuzi ana chaguo la kila namna barabara ya pili. Hali hubadilika mara moja tu: majina ya wanaowania tuzo yanapotangazwa. Tuzo za vichekesho za Edinburgh zimekuwepo tangu 1981, na mchekeshaji aliyekuwa anachezea watu arobaini kwenye chumba cha chini ya ardhi hujikuta ghafla anatafutwa na kila mtu. Aliyenunua tiketi ya wiki ya mwisho kabla ya tangazo anashika kitu ambacho hakipatikani. Hata hivyo bei ya mwanzo ni ndogo kiasi kwamba faida yake haimfai mfanyabiashara. Inamfaa mpenzi wa vichekesho aliyekwenda kuona wasiojulikana, akabahatika.

Shoo ya pamoja ya tamasha, ile yenye wasanii sita au wanane usiku mmoja, ina faida tulivu: mmoja akiugua, shoo inaendelea. Haipandi sana, haishuki sana. Kwa mtu asiye na uhakika wa ratiba yake, ni chaguo la busara.

Usiku wa kurekodi, ambapo kamera zipo na shoo itaonyeshwa baadaye kwenye televisheni au huduma za mtandaoni, unagawanya wanunuzi. Wapo wanaotaka sana kuwepo. Wapo wanaosema watasubiri waione nyumbani. Ninachokitazama mimi ni ziara iko hatua gani. Mwanzoni mwa ziara hakuna anayejua vichekesho vipya, na kama simu zinafungiwa kwenye vifuko mlangoni, kama wanavyofanya wasanii kadhaa wakubwa kwa kutumia vifuko vya Yondr, hakuna kipande kinachovuja mtandaoni. Njia pekee ya kusikia ni kwenda. Thamani hapo iko imara. Mwishoni mwa ziara, rekodi ikiwa imeshatangazwa tarehe ya kutoka, tiketi iliyobaki inauzwa kwa watu ambao wakisubiri kidogo watapata kitu kilekile kwa gharama ndogo. Kama shoo yako iko baada ya tarehe ya rekodi kutoka na msanii hajasema ana maneno mapya, usinunue ukitegemea kuuza.

Ipi inahamishika

Yote niliyosema hayana maana kama tiketi haiwezi kubadili mkono. Tiketi ya karatasi au ya faili la PDF inahamishika kirahisi, na kwa sababu hiyohiyo mnunuzi makini anaiogopa: inaweza kuwa imeuzwa kwa watu watatu. Tiketi ya ndani ya programu ya simu, yenye msimbo unaobadilika kila baada ya sekunde chache, kama ile ambayo kampuni ya kuuza tiketi ya Ticketmaster ilianza kuitumia mwaka 2019, haiuziki kwa picha ya skrini. Inapita kwa njia ya muuzaji rasmi tu. Hiyo inampa mnunuzi amani, na inakufaa wewe pia, mradi uhamisho umeruhusiwa. Wasanii wengine huuzima, au huufungua siku chache tu kabla ya shoo. Tiketi yenye jina na kitambulisho mlangoni ichukulie kama haiuziki.

Mwaka 2012 mchekeshaji wa Marekani Louis C.K. aliuza ziara yake kwenye tovuti yake mwenyewe kwa bei moja ya dola 45 kila kiti, kila jiji, na akaweka sharti kwamba tiketi itakayouzwa kwa zaidi ya hapo inaweza kufutwa. Masharti ya namna hiyo yapo kwenye maandishi madogo ambayo watu huyapita. Yasome kabla ya kulipa.

Sheria nazo zinaamua. Ireland ilipitisha mwaka 2021 sheria inayokataza kuuza tena juu ya bei ya awali kwa matukio yaliyo chini ya sheria hiyo, yakiwemo ya kumbi kubwa zilizoorodheshwa. Ufaransa, tangu 2012, ni kosa kuuza tena kwa mazoea bila ruhusa ya mwandaaji. New South Wales, Australia, bei ya kuuza tena haivuki asilimia 110 ya ile ya kwanza. Serikali ya Uingereza ilitangaza Novemba 2025 kwamba inakusudia kupiga marufuku kuuza juu ya bei ya awali. Marekani sheria ya mwaka 2016 inazuia programu zinazokwangua tiketi kwa wingi. Kwa maoni yangu mwelekeo huo ni mzuri. Vichekesho viliishi miaka mingi kwa sababu mtu wa kipato cha kawaida aliweza kuingia, na chumba kilichojaa waliolipa mara nne ya bei hakicheki vizuri. Watu wanakaa wakipima kama wamepata thamani yao. Mahali penye kikomo cha bei, tiketi nzuri ni ile itakayorudisha pesa yako haraka, na soko rasmi la bei ya awali linatosha.

Kiti gani, na lini

Kwenye muziki safu ya mbele ndiyo ya ndoto. Kwenye vichekesho safu ya mbele ina wanaoitamani na wanaoikimbia, maana mchekeshaji huwashika wa mbele: unafanya kazi gani, huyo uliyekaa naye ni nani wako. Watu wengi hawalipii kuulizwa hivyo mbele ya watu elfu mbili. Nikiwa nanunua na jicho moja kwenye uwezekano wa kuuza, nachagua safu ya nne hadi ya kumi, katikati. Unauona uso, na hakuna anayekuita.

Nunua viwili pamoja. Vichekesho ni matembezi ya wawili: wapenzi, marafiki, ndugu. Kiti kimoja pweke huwa cha mwisho kuondoka, na vitatu vinamwacha mtu na kiti cha ziada asichokitaka. Vinne vinafaa kama unaweza kuvigawa viwili viwili.

Kuhusu wakati, nguvu iko mara mbili. Ya kwanza ni siku chache baada ya tiketi kuisha, waliokosa wakiwa bado na hasira, ingawa hapo ndipo pia shoo za nyongeza hutangazwa. Ya pili ni wiki ya shoo, watu wanapokuwa na uhakika wa ratiba zao. Katikati kuna miezi ya kimya. Usiogope ukaanza kushusha bei. Lakini saa 48 za mwisho ni hatari, kwani kila aliyebaki na tiketi anashusha kwa pamoja. Mimi ningeweka tiketi sokoni siku kumi kabla, kwa bei ya chini kidogo kuliko ya jirani wa safu ileile, na kuilegeza zikibaki siku nne.

Kumbuka pia kwamba tovuti nyingi za kuuzia tena hukulipa baada ya shoo kufanyika. Ikiahirishwa, malipo yako yanaweza kusubiri tarehe mpya. Ikifutwa, mwandaaji humrudishia pesa aliyenunua kwanza, na tovuti itataka aliyenunua kwako arudishiwe yake. Kwa hiyo pesa uliyouzia isiguswe mpaka mchekeshaji awe amemaliza na watu wametoka ukumbini.